Hewa Niliyoirudisha Mimi

Mwanangu Mishi,

Nimeketi kwenye benchi la gereji, miwani puani, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la zamani la shule. Wewe na mama yako mmekwenda kuaga kwa shangazi yako, na kwa kuwa shangazi yako hamwachi mgeni atoke bila kula, nadhani nina nafasi mpaka adhana ya magharibi. Jirani muuza vocha, aliyeniazima kalamu, ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia ni orodha ya spea. Unaona? Barua haijafika hata nusu ukurasa, nami nimeshaitungia uongo wa kuifunika. Ugonjwa wenyewe ndio huo ninaotaka kukueleza.

Ya safari sitasema. Mama yako amekwisha kusema yote, na mengine ameyasema mara tatu, na amekufungia mpaka dawa ya tumbo la mtu ambaye hajaumwa. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka miwili, na kesho saa kumi na mbili asubuhi basi la Moshi linaondoka. Nisipolisema leo utaondoka nalo wewe, na si lako.

Ni habari ya ile Noah, gari la Mzee Zakaria wa Maramba.

Najua ukilisoma jina hilo hutataka kuendelea. Usiweke karatasi chini.

Kilichonisukuma ni maneno ya mama yako. Jumatano iliyopita alikuwa anachambua mchicha, akasema bila hata kuinua uso kwamba umemwambia huko gereji ya Moshi ulikopata kazi utaomba uwekwe kwenye breki na matairi. "Maji ya injini anasema hagusi tena." Chai ikanishinda. Wewe, ambaye ukiwa na miaka kumi na minne ulikuwa unaisikia injini inakohoa huko barabarani ukaniambia ni plagi ya tatu, nami nikabisha, nikafungua, nikakuta ni ya tatu. Wewe ndiye wa kwenda kubadilisha matairi.

Ngoja nikuchekeshe kwanza, kwa sababu mbele hakuna cha kuchekesha.

Mama yako hupenda kuwasimulia mawifi zake kwamba nilipokuwa namchumbia nilimpeleka Tongoni kutazama magofu, ati mumewe alikuwa mtu wa historia. Mishi, kwenye historia mimi nilipata sifuri. Nilikuwa nimechukua pikapu ya mteja, mteja mwenyewe hana habari, tunaelekea Pangani, na gari likachemsha karibu na Tongoni. Nikamwambia, "Nimesimama makusudi, nataka uyaone makaburi ya watu wa kale." Tulizunguka ule msikiti uliobomoka saa nzima nikisubiri injini ipoe, huku nabuni majina ya masultani. Alichouliza chochote nilikuwa na jibu lake. Miaka mingi baadaye, siku ya ugomvi wetu mmoja, akaniambia, "Bakari, ule mvuke niliuona siku ile ile. Nilinyamaza kwa kuwa ulikuwa unajitahidi." Nikacheka sana. Sikupaswa kucheka. Nilipaswa kujiuliza ni mambo mangapi mengine watu wameyaona wakaninyamazia.

Haya. Tuje kwenye Noah.

Iliingia hapa ikivutwa kwa kamba, injini imekufa kabisa, na Mzee Zakaria akatuletea injini ya mtumba tuivalishe. Unalijua gari lenyewe lilivyo: injini imelala chini ya viti vya mbele, rejeta ya kupozea maji iko mbele, na hita ziko mbili. Ile ya nyuma mabomba yake yanapita chini ya sakafu mpaka kwenye viti vya mwisho. Waliolibuni walikuwa wanaifikiria baridi ya kwao. Sisi watu wa Tanga hita hatuna haja nayo, wengine swichi yake hawajawahi hata kuigusa. Lakini maji ya kupozea injini yanapita humo, na yanapopita maji ndipo hewa inapopata mahali pa kujificha.

Siku ya tatu jioni injini ikawaka. Kazi ya kutoa hewa nikakupa wewe. Nilikaa kwenye benchi hili hili nikijifanya nasoma gazeti, kumbe nakutazama wewe. Uliipandisha pua ya gari juu ya magogo ili rejeta iwe juu kuliko mabomba. Ukafungua hita zote mbili mpaka mwisho wa joto. Ukalegeza boliti ya kutolea hewa, ukamimina maji taratibu, unamimina na kungoja. Yakatoka mapovu, yakatema, yakatema, mpaka maji yakaja uzi mmoja usiokatika, ukakaza. Ukawasha injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, ukaiminyaminya mipira ya maji kwa mkono kama mtu anayekamua ng'ombe, ukaongeza maji, ukangoja tena. Kisha ukaingia viti vya nyuma, ukaweka kiganja kwenye tundu la hita, ukatoka jasho linakutiririka, ukaniambia, "Baba, ya nyuma inapuliza moto." Ukazima injini. Ukasema gari lilale, asubuhi likiwa limepoa liangaliwe tena maji kabla halijatoka.

Nikakuitikia, "Sawa, fundi." Mdomoni ilikuwa mzaha. Moyoni haikuwa mzaha.

Kazi yako haikuwa na kasoro. Nimeipigia mstari. Isome tena kabla hujaendelea.

Alfajiri ukaondoka kwenda Mwera, bibi yako alikuwa anaumwa. Mimi nilipofika gereji nikakuta maji chini ya gari, kiasi cha sahani moja. Mpira wa hita ya nyuma ulikuwa na ufa pale mwisho unapovalishwa kwenye bomba. Mpira ule hukuufunga wewe. Niliufunga mimi, nikiwa na haraka ya kwenda kula. Nikauvua. Maji yakamwagika, nusu ya ndoo na ushei. Nikaukata ule mwisho mbovu kwa kisu, nikauvalisha tena, nikakaza kibano. Mpaka hapo sikuwa nimekosea.

Lakini mpira ukishavuliwa hewa imeingia. Kazi yako yote ya jana yake ilikuwa imefutika, na ilitakiwa ianze upya, magogo, hita, boliti, kungoja, na gari lilale tena. Nami nilikuwa nimemwahidi Mzee Zakaria saa tatu. Saa tatu akawa amesimama mlangoni na mkewe. Alasiri bendi ya matarumbeta ya kanisani kwao ilikuwa ipige harusini, na yeye ndiye tarumbeta ya kwanza. Akaniuliza kama gari liko tayari.

Neno "bado" ni jepesi, hata mtoto anayeanza kusema analiweza. Mimi halikunitoka. Nikasema, "Tayari, mzee wangu, namalizia kuongeza maji." Nikachukua lile jagi la plastiki, nikamimina mpaka rejeta ikajaa, nikafunga mfuniko, nikawasha gari nikalizungusha mitaa miwili.

Hapa ndipo naona haya zaidi, kwa sababu mwizi anaweza kusema alikuwa na njaa, mimi nilikuwa na joto tu. Swichi za hita ulikuwa umeziacha wazi. Injini ilikuwa imeshapata moto, lakini hita ilikuwa inanipulizia ubaridi. Fundi yeyote aliyezaliwa milimani angeshtuka: injini moto na hita baridi maana yake mle ndani hamna maji, mna hewa. Mimi, mtoto wa Tanga, jasho linaniingia machoni, nikajisogeza karibu na lile tundu nikasema alhamdulillah. Wallahi, nilikifurahia kile kiupepo. Na mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa, kwa sababu kile kidude kinachopima joto kilikuwa kimekaa ndani ya hewa, hakiguswi na maji, hakina cha kupima. Nikamwonyesha Mzee Zakaria kwa kidole. Nikamwambia, "Tazama, baridi kama maji ya mtungi."

Wakaondoka. Mkewe alinipungia mkono.

Simu ililia saa sita kasoro. Mzee Zakaria akasema gari limezimika kilimani, Maramba inaonekana, na lina harufu ya kitu kuungua. Nikamuuliza mshale uko wapi. Akasema uko chini. Nilijua, Mishi. Nikaliona jagi na nikauona ule mpira. Nafasi ilikuwa pale pale ya kusema: mzee, ondokeni karibu na gari, msiguse kitu, nilikosea asubuhi, nakuja. Badala yake nikatafuta jibu, kama nilivyokuwa nalitafuta Tongoni. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu:

"Kama mshale uko chini basi maji yamepoa. Fungua mfuniko uangalie."

Nilisikia kishindo, mvuke na maji ya moto yanafoka. Halafu nikamsikia mkewe analia. Simu ilikuwa bado hewani, imeanguka majanini, nami nimesimama hapa kati ya magari ya watu naita, "Mzee? Mzee?" Nilikodi pikipiki mpaka kule. Njia nzima nilikuwa naomba mambo mawili, la kwanza awe mzima, na la pili, Mungu anisamehe, asikumbuke vizuri nilichomwambia.

Yanayofuata unayajua, ila unayajua kwa namna niliyotaka mimi uyajue. Ulirudi jioni kutoka Mwera ukanikuta nanawa mikono. Habari ilikuwa imeshafika mtaani kwamba mzee ameungua mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Ulisimama pale kwenye pipa la oili chafu, mkoba bado uko begani, ukaniuliza, "Baba, ni hewa?"

Nikasema, "Inaelekea ni hewa."

Ukasema, "Basi ni mimi."

Nilikuwa na pumzi moja ya kukujibu. Nikakushika bega, nikakwambia kila fundi lazima aharibu gari moja ndipo ajifunze. Nilikufariji, Mishi. Nilichukua kosa langu nikakuvika wewe, kisha nikakufariji kwa kulivaa. Na mama yako alipouliza habari ya mfuniko, nikasema wazee wana haraka, alifungua mwenyewe. Gari nililirudisha hapa nikalitengeneza bure, mtaani wakanisifu, Fundi Bakari ana utu, na sifa zile nikazipokea.

Tangu siku ile nimekutazama. Nimekuona unakaza boliti kisha unarudi kuikaza tena. Nimekuona unaamka kwenda kuangalia maji ya gari ambalo halina tatizo lolote. Injini za kubadilisha zikija unajipa kazi ya kuosha vifaa. Kila nilipofungua mdomo nilijiambia ngoja ufaulu mtihani wa ufundi, ngoja mwezi wa Ramadhani uishe, ngoja upate kazi. Nilichojifunza, na nimekijifunza vibaya, ni kwamba gari linalotoa mvuke halimtishi fundi, maana linakuonyesha. La kuogopa ni lile ambalo mshale umelala. Mimi nimekaa miaka miwili nyumbani kwangu nikicheka na kutania, kila mtu ananiona sina neno.

Jumapili niliyosema nakwenda Muheza kununua gasketi, sikwenda Muheza. Nilikwenda Maramba.

Nilimkuta Mzee Zakaria nje ya kanisa, watu wa bendi wanafuta vyombo vyao. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjiki, na tarumbeta inabonyezwa kwa mkono huo. Sasa anapiga ngoma kubwa, kwa mkono wa kushoto. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanionyesha kiti. Sikukaa, kwa sababu nilijijua, nikikaa tu ningeanza habari za mvua na bei ya machungwa. Nilimwambia nikiwa wima. Mpira, nusu ndoo, jagi, hita, simu. 

Akasema, "Nilikuona na jagi, fundi. Mimi ni mkulima, injini siijui, lakini sakafu iliyolowa naijua. Na kwenye simu, sikio lililokusikia ni langu hili. Nilidhani utakuja wiki ile. Kisha nikadhani utakuja mwezi ule."

Nikasema nimechelewa. Akasema, "Umechelewa. Aliyekuja ni binti yako."

Mishi, mimi sikuwa najua. Nilidhani unakwenda Mwera kwa bibi yako. Amenieleza ulikwenda kwake mara mbili, na mara ya kwanza ulipiga magoti mbele ya mkewe, na ulikuwa umebeba mfuko wa machungwa. Machungwa, mwanangu, kumpelekea mtu wa Maramba, kwenye mashamba ya machungwa. Nilitaka kucheka pale, nikajikuta nimeshika nguzo ya kanisa la watu.

Akaendelea. Alisema, "Mara ya pili sikuvumilia. Nikamwambia, mwanangu, mimi nilimwona baba yako anaongeza maji asubuhi ile. Kamuulize. Unajua alinijibu nini?"

Nikamwomba aniambie.

"Alisema, 'Mzee, kama kungekuwa na jambo, baba angeniambia.'"

Nimeyaandika maneno yako hapa, nikalazimika kusimama kuzunguka gereji. Ulikuwa umepewa ufunguo mkononi. Ulikuwa na haki ya kurudi nyumbani ukaniuliza mbele ya mama yako, nami ningebaki uchi. Hukuuliza. Sijui kama hukuuliza kwa kuwa uliniamini, au kwa kuwa uliogopa kuacha kuniamini. Zote mbili nimezistahili.

Mzee Zakaria alisema mkono wake ameshauzoea, na kwamba yeye alikwisha kusamehe siku ile ya machungwa, maana msamaha uliombwa vizuri hata kama aliyeuomba hakuwa na kosa. Nikajua anataka kunirahisishia, nikashusha pumzi. Akaniona nashusha pumzi. Akaninyooshea kile kidole kisichokunjika.

"Wewe usiondoke hapa ukidhani umemaliza," akasema. "Uliyemtendea zaidi hayupo Maramba."

Leo asubuhi nilikuwa na mpango. Barua hii niitie kwenye sanduku lako, chini kabisa, ndani ya sweta ulilonunuliwa kwa ajili ya baridi ya kule, uikute ukiwa mbali na mimi nikiwa salama hapa. Nilianza kuiandika kwa nia hiyo. Nilipofika kwenye maneno yako uliyomwambia Mzee Zakaria ndipo nikaona ninafanya nini. Ulisema baba angeniambia. Hukusema baba angeniandikia nikishaondoka.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo hii. Utaisoma kwenye benchi hili, nami nitakuwa mlangoni, sitakwenda popote. Sitaanza kuzungumza mimi, kwa sababu nikianza mimi nitakuchekesha, na leo sina haki ya kukuchekesha. Uliza unachotaka, niite jina unalotaka. Mama yako atasikia kutoka kwangu kabla hatujala. Ukiamua kutonisemesha, kesho nitakusindikiza stendi hivyo hivyo kimya, nitasimama nyuma kidogo, na nitaelewa.

Ila hili moja nakuomba lisingoje mpaka hasira iishe. Wakikuuliza huko Moshi kama unaweza kutoa hewa kwenye gari lililobadilishwa injini, usiseme breki, usiseme matairi. Waambie uliwahi kuifanya kazi hiyo Tanga, peke yako, na hewa ilitoka yote.

Nawasikia mnakuja, mama yako anakusimulia kitu na wewe unacheka. Sitangoja uingie ndani. Nakufuata hapo barabarani, barua mkononi.

Baba yako,
Bakari